Fundi Jorunn na Kibanda Kilichoinyima Mashine Pumzi

Saa tatu asubuhi, na bonde la Kvernlia bado halijaona jua. Baridi ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Jorunn Brekken amepiga magoti kwenye theluji nyuma ya nyumba ya Målfrid Sletten, kofia ameipandisha juu ya sikio moja, anasikiliza.

Hajagonga mlango. Ndiyo desturi yake ya kazi: kwanza mashine, kisha mwenye mashine.

"Mwenye nyumba akishafungua mdomo, utatafuta ugonjwa anaoutaka yeye," anasema bila kuinuka. "Mashine haina maneno mengi."

Anachosikia ni feni inayokwaruza barafu. Mashine yenyewe haionekani. Imefunikwa na kibanda cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu, chenye paa la nyasi, madirisha mawili ya fremu nyeupe na bawaba za chuma zilizofuliwa kwa mkono. Ni kazi safi, ya mtu aliyeijua randa. Jorunn anapitisha kiganja kati ya mbao, anakitoa upesi na kukunja uso. Ameshajua, na angependa asijue.

Jorunn, mwenye umri wa miaka 58, alianza ufundi kwenye matangi ya kupozea maziwa katika mashamba ya bonde hili. Ng'ombe walipopungua akahamia pampu za joto, zile mashine zinazofyonza joto kidogo lililobaki katika hewa ya nje na kulileta ndani, kama friji iliyogeuzwa nyuma mbele. Kila ziara anatoza kroner 1,400, "na kahawa, ambayo hapa huwezi kuikataa, ndiyo maana silali."

Ugonjwa anaoukuta zaidi, anasema, si gesi wala umeme. Ni wastaafu.

"Mwanamume wa huku akistaafu hajui kukaa. Akiona mashine imetundikwa uchi ukutani, lazima aijengee nyumba. Halafu wanashindana! Huyu kaweka dirisha, yule kaweka mpaka bomba la moshi."

Anacheka, lakini kicheko hakidumu. Pampu ikizingirwa na mbao zilizobanana, hewa baridi inayotemwa na feni hurudi palepale, nayo mashine huivuta tena. Barafu inaota, feni inachoka, na ndani watu wanavaa makoti.

Ndani kwa Målfrid ni nyuzi kumi na tatu. Bibi huyu wa miaka 79 amevaa koti la sufu na kofia ya marehemu mumewe, Asbjørn, seremala aliyezikwa Novemba. Mezani kuna kahawa na mkate bapa wenye jibini ya kahawia.

"Kaa, binti yangu. Kula kwanza, mabaya utanipa baadaye."

"Binti wa miaka hamsini na nane, Målfrid?"

"Kwangu wewe bado unakojoa kitandani."

Utani unaishia hapo. Mwanawe, Vidar, anayeishi jijini Trondheim, ameshamtafutia chumba huko katika makao ya wazee. Jiko la kuni lilifungwa zamani kwa sababu dohani imepasuka. Bili ya umeme ya Januari imefika kroner elfu saba, na mama bado analala na kofia. Vidar amesema fundi akithibitisha kuwa mashine imekufa, nyumba inauzwa kabla ya Pasaka.

"Basi sema. Imekufa?"

"Haijafa. Nzima kabisa."

Målfrid anakishusha kikombe. "Sasa mbona tunaganda?"

Hapo Jorunn anakwama, maana kibanda ni kazi ya marehemu. Njia ya uongo iko wazi, tena ya huruma: aseme kuna kifaa kimeungua, ajifanye anakibadilisha, na kibanda akiondoe kana kwamba ni kwa ukaguzi tu. Lakini Målfrid angetaka kirudishwe, na mwakani wangekuwa palepale. Anakizungusha kijiko kwenye kahawa isiyo na sukari.

"Ni kibanda," anasema. "Kinaibana pumzi."

Målfrid anatazama dirishani. "Mimi ndiye niliyemwambia mashine ile ni mbaya, inaniharibia kutazama ndege wangu. Akakijenga kiangazi kizima cha mwaka juzi."

"Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona."

"Nyamaza kidogo, Jorunn."

Anachosema baada ya hapo anakisema polepole, macho yakiwa nje. Mwaka jana, majira yake ya mwisho ya baridi, Asbjørn ndiye aliyekaa na rimoti ya pampu mfukoni. Målfrid hakuwahi kuigusa.

"Nilimwita bahili. Nilidhani anapunguza joto ili tuokoe senti. Nikamwambia, wewe unataka kunizika kabla ya siku zangu. Tukalala tumepeana migongo mpaka theluji ikayeyuka."

"Yeye akasema nini?"

"Asbjørn? Alijibu lini huyo! Anavaa kofia yake, analala."

Jorunn anaomba rimoti. Imo kwenye droo, haijaguswa tangu mazishi. Anaiangalia kwa muda, kisha anaiweka mezani, kioo chake kikielekea kwa Målfrid.

"Hakupunguza. Iko thelathini. Juu ya hapo haiendi."

Målfrid anaisoma namba. Anaivua kofia na kuiweka mapajani.

"Alikuwa anaipandisha," anasema. Halafu tena, kama anayemweleza mtu mwingine: "Alikuwa anaipandisha, na mimi namtukana."

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Haya ya Målfrid yamefika babu ameshaondoka.

Nje, Jorunn anafungua skrubu moja moja ili asivunje ubao hata mmoja, kisha anakiburuta kibanda kwa kamba hadi ghalani. Anamimina maji ya moto, barafu inaanguka mabonge, na feni inapata sauti yake. Kufika saa nane chumba kina nyuzi kumi na tisa.

Målfrid mwenyewe amempigia Vidar simu. "Siji Trondheim. Mashine ni nzima," amemwambia, na hakueleza zaidi. Koti amelitundika. Ameketi karibu na hewa ya moto, mikono imelala mapajani.

"Joto ndilo hili," anasema. "Na wa kumwomba radhi hayupo."

Kwenye gari Jorunn hawashi injini mara moja. Kiangazi kile alipita barabarani akamwona Asbjørn akipaka rangi kibanda. Alijua anachokiona. Lakini bondeni humu humsahihishi mtu useremala wake bila kuulizwa, kwa hiyo alipiga honi ya pongezi na kwenda zake.

"Ningesimama dakika kumi tu," anasema. "Angeninunia mwezi mzima, angeng'oa mbao za mbele, yakaisha."

Septemba, kabla ya barafu, amepanga kupita kila nyumba yenye kibanda, bila kuitwa na bila malipo.

"Watasema nimekuwa mchokozi uzeeni. Waseme. Bora waninunie mimi kuliko wanuniane wenyewe kwa wenyewe."