Bangili ya Shaba Iliyolazwa Mkekani

Baba yangu Cuthbert, fundi baiskeli wa Newala, hakuamini kwamba kuna kitu cha kugongwa kwa nyundo kinachoweza kumshinda. Mwaka 1974 kikamshinda, tena mbele ya mkwe.

Alipopeleka posa kwa Mama, yaani Mwalimu Justina, babu yangu Mzee Barnaba alimpa bangili ya shaba ya marehemu bibi. Ilikuwa imekanyagwa na lori siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Mkunya.

"Inyooshe, imkae Justina mkononi. Ikivunjika, posa yako sitaki kuisikia."

Baba akagonga. Mwanzo ilitii, kisha ikakaza, mwisho ikawa inairudisha nyundo. Akaamua kwamba shaba imechoka, ipumzike. Sitanii! Aliilaza mkekani, kivulini, akaifunika kitambaa kibichi na kukataza watu kelele. Newala nzima inasaka tone la maji, yeye anailowanishia bangili! Naona haya kulisema hata leo.

Asubuhi ikawa ngumu vilevile. Akamfuata Mama kwenye foleni ya maji, uso umemshuka.

"Mwalimu, nimekwisha. Nikigonga tena itakatika."

Mama akamwonyesha ndoo zilizopangwa safu kwa safu. "Chembe za shaba zimekaa hivi. Muone yule aliyechomeka ndoo katikati: hiyo ni kasoro. Ukisukuma, kasoro inateleza, ndiyo maana shaba inapinda. Ukizidi, inanasa huku na huku, inabenuka katikati, inazaa nyingine. Zikijaa zinakwamana, hasogei mtu. Wewe unagonga, zenyewe zinazaana!"

"Sasa nifanyeje?"

"Itie moto hadi iwe nyekundu, chembe zijipange upya. Mkeka wa nini, Cuthbert?"

Akaitia kwenye makaa. Ikalainika, akaikunja vizuri, akampelekea Babu akitabasamu. Babu akaivuta kidogo tu, ikafunuka yote.

"Hii bangili au ugali?"

Baba alikuwa anampoteza Mama, na alijua. Mama akaichukua, akaikunja upya kwenye mchi, akaigonga pande zote kwa nyundo ya Baba, akaivaa, akamnyooshea Babu mkono.

"Sasa kasoro zimezaana za kutosha. Vuta, Baba."

Babu akavuta. Haikufunuka. Akamtazama fundi, akamgeukia binti yake.

"Na huyu naye akikaza?"

"Nitamtia moto."

Alimtia miaka thelathini na minane. Bangili ninayo mimi, na bado inabana.