Sura ya Tatu Yasomwa Mezani

Tangu Krismasi Sista Ermelinda alikuwa akingoja sahihi moja tu. Sura ya tatu ya tasnifu yake ya uzamili wa teolojia, iliyohusu toharani, mahali roho za wafu zinaposubiri kutakaswa, ilikuwa kwa Padre Tiburzi, msimamizi wake pale chuoni Roma. Kama Ijumaa ingepita bila sahihi, mwaka mzima ungekwenda na maji. Na Mama Mkuu wa nyumba yao ya watawa, hapo hapo Roma, alikwisha sema hakuna mwaka mwingine. Jiko la nyumba lina kazi.

Kilichomkera zaidi ni kwamba Padre hakuwa mbali. Kila Alhamisi alikuja kuwaadhimishia masista misa, akabaki kula.

"Sista, dengu hizi zina neema."

"Na sura yangu, Padre?"

"Ipo, ipo juu ya meza yangu kabisa. Taratibu, binti yangu."

Jikoni Sista Gaudenzia, mzee wa masufuria, alicheka mpaka akajishika kiuno. "Sura yako nayo imeingia toharani. Iombee."

"Nimeiombea mpaka nimechoka."

Alhamisi hiyo, ikiwa imebaki siku moja, zamu ya kusoma mezani ilikuwa ya Ermelinda. Kwaresima nzima katika nyumba ile watu hula kimya. Mmoja husoma kitabu cha dini kwa sauti, na hakuna anayeinuka, awe mgeni au mwenyeji, mpaka Mama Mkuu apige kengele. Ermelinda alikiweka kando kitabu cha watakatifu, akafungua nakala ya sura yake.

"Sura ya tatu," akasoma. "Roho zinazosubiri."

Kijiko cha Padre kiliishia hewani. Akamtazama Mama Mkuu. Mama Mkuu akatazama sahani yake. Ermelinda akasoma yote, tanbihi kwa tanbihi. Dengu zikapoa. Mkono wa Mama Mkuu uligusa kengele, kisha ukarudi mapajani.

Padre ndiye aliyevunja kimya. "Hapo rudia. Unasema kusubiri ni adhabu?"

"Nasema kunamtakasa anayesubiri, Padre. Anayesubirisha sijamfikia bado."

Mtu akakohoa. Kengele ikalia. Padre akatoa kalamu, akaitia sahihi nakala hiyo akiwa hapo hapo kitini, huku akinung'unika kwamba tanbihi zimezidi.

"Sura ya nne naipata lini?"

"Alhamisi, Padre," Mama Mkuu akamjibu kabla Ermelinda hajafungua kinywa. "Tutaisikiliza sote. Na wewe, Ermelinda, masufuria yanakungoja."