Chungu cha Susu Kilichokwenda Kawangware

Nilitoka nyumbani Kambi Muru, huku Kibera, Jumapili asubuhi kwa sababu mama alitaka susu ale chakula chake. Susu ni nyanya yangu, mama yake mama. Walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya babu huko Kitui, siku mama alipokataa nyama ya fahali wa matanga mbele ya ukoo wote. Susu alisema, "Huyu amekataa sahani ya baba yake," akanyamaza mpaka leo. Sasa alikuwa Kawangware kwa mjomba, ameletwa kutibiwa macho, na hayo macho hayakutibika. Alikuwa karibu kurudi Kitui.

Mama aliikataa ile nyama kwa sababu tunakula kosher, yaani chakula cha sheria ya Torati. Alijifunza sheria hiyo akipikia familia ya Wayahudi. Wao walihama nchi, yeye akabaki na sheria. Chumba chetu ni kimoja tu. Vyombo vya nyama hukaa chini ya kitanda, vimefungwa uzi mwekundu. Vya maziwa hukaa juu ya kabati, vina uzi wa buluu. Havikutani hata kwenye beseni la kuoshea, kwa kuwa sheria inakataza nyama na maziwa kuchanganyika. Kuku tunachinjiwa na mzee mmoja wa mtaa wa Ayany ambaye tunasali naye Jumamosi, na mama humlaza kwenye chumvi damu itoke ndipo ampike.

Safari hii kuku alimweka kwenye chungu cha udongo. Susu alikuwa mfinyanzi, na chungu hicho alimfinyangia mama alipoolewa. Ukingoni kina alama za kidole gumba chake, zimezunguka mdomo wote. Mama alikitunza miaka mingi bila kukipikia, kisha akakifanya cha nyama.

"Akikishika atajua," aliniambia, akikifunga kwa leso ndani ya kiondo. "Na wewe usiongee sana."

Huo ulikuwa mzaha. Mimi siongei sana hata nikiombwa.

Soko la Toi nilifika na njaa. Kula nje kwetu ni taabu. Chapati, hujui imekaangwa kwa mafuta gani. Maharagwe, hujui sufuria ilipika nini jana. Mimi hununua yai la kuchemsha lenye ganda lake, au ndizi, na chai ya rangi kwa kikombe ninachotembea nacho. Mwenye kibanda ananijua.

"Niaje, askofu wa mayai! Leo utaonja chapo?"

"Yai tu."

"Na hicho kiondo kinanukia kuku. Kuku wako ameokoka kuliko wangu?"

Watu kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema, "Huyu akienda kwa wakwe atabeba sufuria yake mgongoni." Nilicheka kidogo, kama mtu anayelipa kiingilio. Tangu darasa la sita nimekula hivyo, peke yangu katikati ya watu.

Kutoka Toi nilitembea kwa miguu, Ngong Road yote mpaka Naivasha Road, kwa sababu udongo hautaki kurushwarushwa ndani ya matatu. Watu walikuwa wametoka kanisani. Nyuma ya vioo vya hoteli niliona familia zikila chipsi, watoto wanachukuliana vipande sahanini na hakuna anayeuliza kitu. Niliangalia mbele.

Kawangware mjomba anakaa nyuma ya kinu cha kusaga unga. Yeye alikuwa kazini. Mkewe, Mama Ndinda, alinifungulia na kunipakulia papo hapo: ugali, kuku, na kunde zilizopikwa kwa maziwa, chakula cha mgeni.

"Asante, nimeshiba," nikasema.

"Umeshiba nini? Vumbi la Naivasha Road?"

"Nitakula ndizi."

"Ndizi! Susu, sikia mjukuu wako. Amekuja kunichagulia sufuria kama mama yake."

Susu alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni penye mwanga. Nilipiga magoti nikafungua leso, nikamwekea chungu mapajani. Vidole vyake vilitembea ukingoni polepole, gumba likiingia katika kila alama. Lilipozunguka ukingo wote lilisimama.

"Bado anacho," akasema.

"Anacho, susu."

"Nilidhani alikitupa pamoja na sisi."

Alitia mkono ndani, akala humo humo chunguni. Alitafuna mpaka mfupa. "Chumvi imeingia vizuri," akasema, na baadaye, "Mwambie nimekula." Mama Ndinda mwenyewe aligeuka kuangalia dirishani.

Nilikuwa na furaha nikaanza kuikunja leso. Ndipo susu akasema, "Ngoja. Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Ni desturi yetu, na mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Aliomba sufuria ya kunde isogezwe. Alichota mwenyewe kwa upawa, akipima ukingo kwa kidole asimwage. Kunde zilikuwa bado zinafuka mvuke, na maziwa yalishuka kwenye chungu cha nyama. Udongo hunywa. Sufuria ya chuma mama angeweza kuichemsha ikatakata, lakini chungu kikishanywa hakitakasiki. Sheria inasema kivunjwe.

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni. Nikalitazama lile gumba kwenye ukingo. Kama ningelitoa, yangekuwa mazishi ya babu tena, na safari hii aliyekataliwa ni yeye mwenyewe. Susu akafunika.

"Mwambie ni kunde kama alizokula akiwa mdogo."

Kurudi kulikuwa kurefu. Chungu kilikuwa kizito kuliko asubuhi na kilinukia vizuri. Hilo ndilo liliniumiza.

Jioni nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni. "Amekula?"

"Amekula yote. Amesema chumvi imeingia vizuri."

Alicheka kwa mara ya kwanza mwaka huu, nadhani. Kisha akafunua. Harufu ya maziwa ilipanda, naye akabaki ameinama pale.

"Nani alimimina?"

"Susu. Kwa mkono wake."

Hakunigombeza. Alizipeleka kunde kwa jirani yetu Mama Otieno, na kupitia ukuta wa mabati tukawasikia watoto wakigombea za mwisho. "Waah, mama yako anajua kupika!" jirani alimwambia mama alipokirudisha chungu. Mama alikiosha taratibu kama anayeosha mtoto, akanipa.

"Kivunje wewe. Mimi siwezi."

Nilikivunja kando ya mtaro. Hakikutoa sauti kubwa. Mama alikuwa anafagia vigae simu ilipolia: nambari ya Mama Ndinda, sauti ya susu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusemezana tangu yale mazishi.

"Kunde zimeliwa?"

"Zimeliwa, mama."

"Basi kabla sijaenda Kitui uje mwenyewe. Uje na chungu nikijaze tena."

Mama aliangalia vigae kwenye ufagio. "Sawa, mama," akasema.

Kutoka Kibera mpaka Kawangware si mbali, nimeshajua njia. Sheria pia naijua: chungu kivunjwe. Haisemi aliyekifinyanga aambiwe nini.