Seneta Aliyefunga Milango

Jumapili moja ya mwezi Machi, kwenye kituo cha serikali cha kulelea watu wenye ulemavu wa akili, Emil Vondracek alimvunja kaka yake pua. Kosa la Norbert lilikuwa kusogeza kiti. Alikisogeza kidogo tu, apate nafasi ya kuweka mezani sahani ya kolachi, vile vikeki vya tufaha, naye Emil, aliyekikalia kiti hicho mahali pale pale tangu ujana wake, akainuka na kumtandika ngumi. Damu ikadondoka mpaka kwenye kolachi.

Emil hasemi. Ni pande la mtu, kichwa kimejaa mvi, akili imebaki ya mtoto. Akishapiga, huenda mwenyewe kabatini akatoa vitambaa vya shuka kuukuu, akanyoosha mikono afungwe. Mazoea hayo aliyapata enzi ambazo kituo kile cha serikali kilifunga watu kweli kweli. Siku hizi Bi Rosalie, mlezi wake, humzungushia vitambaa kwa ulegevu huku akimwimbia taratibu, naye hutulia. Mara ya mwisho walipomhamisha, ili tu chumba kipakwe rangi, alimvunja mlezi mmoja taya, na wao wakamvunja mkono.

"Wakikifunga kituo, huyu wanampeleka wapi?" Bi Rosalie aliuliza, akimpangusa Norbert damu.

"Mimi nikiwa hai, hawakifungi."

Norbert alikuwa seneta katika Bunge la jimbo la Nebraska, na mfugaji wa ng'ombe pia, kwani mshahara wa useneta huko haulishi hata paka. Mwaka ule bei ya mahindi ilianguka, kodi zikapungua, hazina ya jimbo ikatoboka. Bwana Haase, mwenyekiti wa kamati ya bajeti, alishaona cha kuzibia tundu: vituo vya watu wasioweza kupiga kelele. Mungu anisamehe, mtu yule sikumpenda tangu zamani.

Jumatatu alfajiri, kabla Norbert hajashika njia ya Lincoln, mji mkuu wa jimbo, mtamba wake alishindwa kuzaa. Alifunga minyororo kwenye miguu ya ndama akavuta, mtamba akampiga teke la ubavuni, akavuta tena mpaka ndama akatoka, amekufa. Aliingia bungeni na pua iliyovimba, ubavu unaomuuma na hasira isiyo na pa kwenda.

Wiki ikaendelea hivyo hivyo. Norbert alipendekeza kituo kibaki na punguzo la kodi ya mashamba lisubiri, basi Jumanne mkulima mmoja akavunja vioo vya gari lake kwa nyundo, mchana kweupe, akamwahidi kwamba siku nyingine atavunja fuvu. Jumatano wafuasi wa Haase walimbana ukutani kwenye ujia, naye akamng'oa mmoja wao jino. Hata hivyo hesabu ilikuwa upande wake: Haase alipungukiwa kura moja.

Kura hiyo ilikuwa ya Dwayne Oltmans, seneta mwenzake na mfuga nguruwe, rafiki wa Norbert, aliyepanga naye chumba kimoja mjini. Norbert hakujua kwamba Haase alikubali kuinusuru hospitali ya mji wa Dwayne, naye Dwayne akampa mkono: akiwa kitini, atapiga kura upande wake. Na watu wa kule wakishapeana mkono, hawarudi nyuma. Njia iliyobaki ya kutomwangusha Norbert ilikuwa kutokuwa kitini.

"Kesho usiniulize niko wapi," Dwayne alimwambia Jumatano usiku wakila. "Na mtu asinitafute. Umenisikia, ndugu yangu?"

Norbert alisikia. Alidhani mwenzake ameingiwa na woga tu, akamdharau kimoyomoyo.

Alhamisi, kabla ya kura, Haase alisimama. "Mheshimiwa Vondracek anatuhubiria huruma," alisema, "na swahiba wake wa nguruwe kaona afadhali zizini kuliko kukaa naye."

Ukumbi ukacheka. Norbert angekaa kimya, kituo kingepona siku ile ile. Lakini hasira hasara. Alisimama akadai mwito wa Bunge, na kanuni ikafuatwa: milango ikafungwa, askari wakatumwa kumleta kila asiyekuwepo, atake asitake.

Dwayne walimkuta kwenye chumba cha tanuri, chini ya nyumba waliyopanga. Alipigana nao. Aliingizwa ukumbini shati limechanika, mdomo umepasuka. Akamtazama Norbert kwa muda mrefu, akaketi, akapiga kura ya ndiyo. Ikapitishwa kituo kifungwe.

Norbert aliruka meza akamvamia. Alimpiga usoni, akampiga tena, mpaka vifundo vyake vikachunika, na Dwayne hakuinua mkono.

"Nilijificha kwa ajili ya Emil," Dwayne alisema walipomtoa chini yake, akitema damu. "Haase nilishampa mkono. Wewe ndiye uliyeniita."

Jumapili Norbert alikwenda kituoni kama kawaida. Bi Rosalie alikwisha kupata habari. Alimfungulia mlango bila salamu. Norbert akaketi mbele ya Emil, mikono imemvimba mapajani.

Emil aliitazama mikono hiyo. Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na vitambaa. Norbert akanyoosha mikono, na mdogo wake akaifunga, kwa ulegevu, akijaribu kuimba.