Chumvi ya Mama Yeremia

Kwa zaidi ya miezi miwili mwaka 1999, Ambrosi aliamini kwamba mkewe ana mimba. Hakuambiwa na mtu. Aliisoma kwenye chumvi.

Mkewe, Dominika, alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Sokoni Newala walimwita Mama Yeremia, kwa jina la mtoto wao wa pekee aliyekuwa akisoma shule ya Chidya. Banda lake la chakula lilikuwa pembeni mwa soko, karibu na mahali ambapo wanunuzi binafsi wa korosho waliegesha malori yao tangu biashara hiyo ilipoachiwa huru. Msimu ukifika, madereva na wapima mizani walikula kwake ugali wa muhogo kwa kunde. Ambrosi naye akitoka shambani Mkunya alikula hapo hapo. Nyumbani hakukuwa na jiko la pili.

Katika sehemu zile mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula cha wengine. Wazee husema atakayekila ataugua kifua. Dominika hakuwahi kujiuliza kama anaamini. Alilifuata jambo hilo kama alivyofuata kuvua viatu mlangoni. Siku zake zilipofika aliita, "Bi Esha, njoo uonje," na Esha, mwanamke wa makamo aliyeuza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, banda la jirani na ambaye mambo hayo yalikuwa yamekwisha kumpita, alifuta mikono, akaja kutia chumvi. Kwa hiyo waliokula pale kila siku walijua. Hawakulisema, lakini walijua.

Aprili ya mwaka huo Dominika alikatwa titi la kushoto katika hospitali ya misheni wilayani Masasi. Juni alianza kumeza tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Daktari alimweleza kwamba uvimbe wa aina yake hulishwa na homoni ya kike, na kidonge hiki huuzibia uvimbe njia ya kula. Akamtajia pia gharama yake mwilini: joto la ghafla, hedhi kuvurugika au kukatika, damu kuganda miguuni na, mara chache, ugonjwa wa kizazi. Damu ikitoka bila mpango, arudi. Na katika miaka hiyo mitano asishike mimba.

Dominika aliporudi Newala alimwambia mumewe sentensi moja: "Nimepewa dawa ya kuzuia yasirudi." Mengine aliyaacha Masasi.

Joto lilianza wiki ya tatu. Lilianzia kifuani, palipokuwa na kovu, likapanda shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Mbele ya moto wa kuni halikuvumilika. Alisonga ugali kwa vipande: mizunguko kumi, kisha nje kwenye upepo, kisha ndani tena. Hakuweza kukaa. Alipanga sahani zilizokwisha kupangwa, akafagia palipofagiwa.

"Mama Yeremia, ugali umekufukuza?" dereva mmoja alimtania.

"Umenifukuza. Narudi na polisi."

Mwisho wa Julai hedhi ilikatika. Agosti yote alitia chumvi mwenyewe, Septemba na Oktoba vilevile.

"Mwaka huu unaninyima kazi," Esha alimwambia. "Au umenifuata huku uzeeni?"

"Nimekuja kukusalimia tu, Bi Esha. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, usiogope. Huku hakuna foleni."

Mwezi wa Septemba, Ambrosi alianza kuchota maji. Maji Newala ni ya mgawo, na foleni ya bomba huanza kabla ya jua. Wanaume wanaoonekana pale huwa na baiskeli na madumu ya kuuza. Ambrosi alikwenda na ndoo mbili za mkewe, akazileta bandani bila maelezo. Dominika alidhani anauhurumia mkono wake wa kushoto, uliovimba tangu upasuaji. Alishukuru kimoyomoyo, naye hakuuliza.

Jumanne ya tarehe tisa Novemba, sufuria ya kunde ikichemka, Dominika alihisi damu. Alitoka, akarudi, akasimama. Kisha akaita, "Bi Esha, njoo uonje."

Ambrosi alikuwa mlangoni na ndoo zake. Alizitua chini, moja ikamwagika nusu. Alingoja hadi Esha alipomaliza na kuondoka.

"Imeharibika lini?" aliuliza.

"Nini?"

"Mimba."

"Mimba ipi, Baba Yeremia?"

"Miezi mitatu unatia chumvi. Nilidhani unangoja ikue ndipo uniambie."

Dominika alitazama ndoo. Ndipo alipoelewa zilikuwa zikibebwa kwa ajili ya nani. Joto likampanda palepale, akachukua kifuniko cha sufuria kujipepea, na akijipepea akamweleza yote aliyoyaacha Masasi. Ambrosi alisikiliza hadi mwisho. Alisema neno moja tu, "Kumbe," akaenda zake.

Siku hiyo Dominika hakumeza kidonge, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Sababu zake zilikuwa mbili na hazikupatana. Kwanza, mume ambaye kwa miezi miwili alikuwa akibebea maji mtoto asiyekuwepo. Pili, damu yenyewe. Ikiwa ni hedhi inayorudi, mwili wake bado ungeweza kuzaa, na kidonge ndicho kilichokuwa kikimnyima. Ikiwa ni kizazi kinachougua, basi kidonge kilikuwa kikimtibu huku na kumuua kule. Kila upande kikaonekana adui. Hata hivyo hakukitupa. Aliificha pakiti chini ya sahani, akaihamishia kwenye gunia la unga, akairudisha chini ya sahani. Joto lenyewe halikuondoka. Damu ilikoma siku ya nne. Siku ya kumi na moja ikaja tena kidogo.

"Jumatatu tunakwenda Masasi," Ambrosi alisema.

"Tunakwenda nani?"

"Wewe ukienda peke yako unarudi na sentensi moja."

Daktari alitaka tarehe: damu ilikatika lini, imetoka lini, siku ngapi. Dominika alijaribu, akachanganya. Ambrosi, akiwa amesimama karibu na mlango kofia mkononi, akasema bila kuulizwa.

"Tangu wiki ya mwisho ya Julai ametia chumvi mwenyewe kila siku. Novemba tarehe tisa hadi kumi na mbili alitia Bi Esha. Kisha yeye. Ijumaa na Jumamosi hii, Bi Esha tena."

Daktari, ambaye si mtu wa sehemu zile, aliomba aelezwe habari ya chumvi. Alipoelezwa aliandika tarehe zote kwenye cheti.

Kipimo cha picha kilionyesha ukuta wa kizazi haujanenepa. Daktari alisema damu ile huenda ni hedhi inayosuasua, ila watampima tena baada ya miezi mitatu, na kila itakapotoka ovyo arudi. Hatari ya kizazi ipo, alisema, lakini kwa umri wake ni ndogo kuliko hatari ya saratani kurudi bila dawa. Tena damu kukatika si kinga ya mimba. Watumie mipira.

"Na akiacha dawa?" Ambrosi aliuliza.

"Atasubiri miezi kadhaa imtoke mwilini, ndipo mjaribu mtoto. Lakini atajaribu akiwa hana kinga hii. Siwezi kuwachagulia."

Nje walikaa kwenye benchi. Miaka mitano ingemfikisha Dominika arobaini na mitatu. Alisimama, akakaa, akasimama.

"Yeremia ni mmoja," Ambrosi alisema hatimaye.

"Na mama yake ni mmoja."

Ambrosi aliinuka. Alisema anakwenda kutafuta machungwa. Dominika hakumngoja. Alikwenda kwenye bomba la ua wa hospitali, akatoa kidonge kwenye pakiti iliyosafiri naye, akakimeza kwa maji ya kiganja. Aliporudi mumewe, alimwonyesha nafasi tupu kwenye pakiti. Ambrosi aliitazama, kisha akaanza kumenya chungwa.

Kwa siku tano Ambrosi hakuonekana bombani. Siku ya sita alitokea na ndoo zake, akapanga foleni nyuma ya wanawake waliokuwa wakimhesabia miezi tangu Septemba.

"Baba Yeremia, tunakuona!" mmoja alimwita. "Haya, tuambie, lini?"

"Elfu mbili na nne," Ambrosi alisema. "Juni."

Wakacheka sana, hawajapata kusikia mimba ya miaka mitano, wala kidonge cha miaka mitano. Alijaza ndoo, akazibeba hadi bandani. Dominika alikuwa nje, akijipepea kwa kifuniko.

"Chumvi?" aliuliza Ambrosi.

"Nimetia mwenyewe."

Alizitua ndoo mahali pake, akakaa kungoja chakula.