Nati Zote Zilikuwa Zimekazwa

Kosa lilikuwa langu. Si la gari, wala si la fundi. Ndugu msomaji, nisikilize kana kwamba tumekaa wawili tu, maana nyumbani sina tena wa kumwambia.

Nilikuwa dereva wa mradi mmoja wa kilimo Mbeya. Miaka miwili niliendesha gari la mkuu wetu, lililotoka Ufaransa. Usukani wake ulikuwa wa ajabu! Gari likiwa limesimama, unauzungusha kwa kidole. Ukikimbia, wenyewe unakuwa mzito, unakataa papara. Mikono yangu ikazoea kuulazimisha.

Mkuu alipohama na gari lake, nikapewa jingine. Hili nalo lilikuwa na pawa ya usukani, lakini ya kawaida: usukani mwepesi uwanjani, na mwepesi vilevile kwenye mwendo mkali.

Gereji yetu ilikuwa na utaratibu. Dereva hakabidhiwi gari geni mpaka aende nalo Chimala na kurudi, fundi akiwa kando yake, kisha wote wawili watie sahihi kwenye daftari. Fundi aliyelikagua gari hilo na kukaza nati zake alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Kihesa, Iringa.

"Shemeji, panda twende," aliniambia. "Lile lako lilikuwa linakushika mkono. Hili halikushiki. Ukiwa kwenye mwendo, ligeuze kidogo tu, kama unamgeuza mtoto aliyelala."

"Kagonge nyundo huko! Miaka kumi niko barabarani, leo nifundishwe na mtu anayeshinda chini ya magari?"

"Dada yangu aliolewa na mdomo," akasema akicheka.

Siku hiyo kulikuwa na mpira, nami nilitaka kuwahi. Nikamwomba atie sahihi kana kwamba tumeshakwenda. Akakataa.

"Basi nikamwambie dada yako kwamba huniamini?"

Akatia sahihi. Jamani, laiti angeshikilia neno lake!

Kesho yake asubuhi nilimchukua Bibi Maendeleo wetu, mwelimishaji wa akina mama vijijini, mama wa makamo aliyekuwa akienda mkutanoni Iringa. Alikuwa na mkungu wa ndizi wa kumpelekea binti yake aliyekuwa akisoma huko. Tulipopita Igawa barabara ilikuwa imenyooka, nikakanyaga mafuta.

"Baba, taratibu, ndizi zitapondeka," alisema.

Ndama akatoka majanini. Nikauvuta usukani kwa nguvu zile zile nilizozoea. Haukunizuia hata kidogo! Gari liligeuka kama limepigwa kofi, likaacha lami, likabingirika mara mbili. Mama yule alikata roho pale pale majanini, kabla hatujapata gari la kutupeleka hospitali.

Mimi nilitoka na mchubuko wa paji la uso.

Askari aliniuliza ilikuwaje. Nikajibu, "Usukani ulilegea. Gari lilikuwa na kasoro." Sehemu ya mbele yote ilikuwa imepondeka; nani angehakikisha? Wakubwa wa mradi wakafungua daftari, wakaikuta sahihi ya shemeji kwamba gari lilijaribiwa na ni zima. Alipoitwa ajieleze, alinitazama, akainamisha kichwa. Nikadhani ananifichia siri kwa ajili ya dada yake.

Akafukuzwa. Akarudi Kihesa kutengeneza baiskeli. Mimi nikabaki na kazi, na mshahara, na aibu niliyoila kila siku pamoja na ugali. Mke wangu alikwenda kumsalimia kaka yake, hakurudi.

Mwaka wa tatu nikamfuata. Shemeji alikuwa amekonda. Hakunitukana. Alinivuta nyuma ya kibanda chake, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayemuuliza daktari:

"Shemeji, niambie ukweli. Ni nati ipi niliyoiacha? Kila siku nalifungua lile gari kichwani, nakaza moja moja. Siioni."

Ee Mungu wangu! Kumbe aliuamini uongo wangu! Miaka yote ile aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua yule mama. Nami nimesimama mbele yake, ukweli uko mdomoni, nikasema, "Sikumbuki."

Madereva wenzangu, gari msilolijua msijifanye mnalijua. Kaeni na fundi, mwende naye, hata kama mnajiona mabingwa. Na msiombe sahihi ya safari ambayo hamkwenda, hasa kwa mtu anayewapenda.

Gazeti hili najua linafika Kihesa. Shemeji, ukilisoma: hukuacha nati yoyote.