Kijiti Kilichokatwa kwa Fundi wa Akiki

Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo. Jicho langu moja lina mtoto wa jicho, kweli, lakini hilo jingine linamwona mbuzi aliye ng'ambo ya Mto Tana. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana mbele huko mimi mwenyewe sikucheka.

Mtoto wa ndugu yangu, Abdi, ana karakana ya mawe hapa Garissa, nyuma ya soko la mifugo. Anakata akiki na kuzing'arisha, watu wazitie kwenye pete. Mimi hupenda kushinda pale kwa sababu mashine yake inadondosha maji na kuna ubaridi kidogo. Nyumbani kuna wajukuu na redio, na sijui kipi kina kelele zaidi.

Sasa sikiliza anavyofanya kazi, ndiyo utaelewa. Jiwe dogo kama dengu huwezi kulishika kwa vidole, gurudumu litakula kucha zako. Kwa hiyo Abdi huyeyusha lakiri kwenye jiko la makaa, akabandika jiwe kwenye ncha ya kijiti, akashika kijiti. Vijiti vyenyewe hukaa kwenye ndoo mlangoni. Na akimaliza, hulipitisha jiwe shavuni, huku na huku. Anasema jicho hudanganya, lakini shavu husikia mkwaruzo.

Siku hiyo, baada ya alasiri, aliingia mzee mrefu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa na meno yote! Mzee wa umri wangu, na mimi nimebaki na manne. Alitusalimu vizuri, akanywa chai ya Abdi ya maziwa ya ngamia, akaomba tena. Kisha akatoa akiki nyekundu kama ini.

"Ya mke wangu," akasema. "Amenivumilia sana. Pete anayo, haina jiwe."

"Kaa tu, mzee, nitakung'arishia leo leo," Abdi akamwambia.

"Naenda sokoni kwanza. Nitarudi kabla ya magharibi. Lazima kabla ya magharibi."

Akaondoka. Kijiti chake, kifupi, urefu wa mkono mpaka kiwiko, alikuwa amekiacha mlangoni alipoingia, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Lakini alikichomeka ndani ya ile ndoo. Unaona? Abdi akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta kijiti, akakiona kirefu, akakikata katikati kwa msumeno. Mimi nilikuwa namweleza habari za ngamia wetu mmoja wa Kutulo aliyekuwa akiiba chumvi, na hakuna aliyeangalia chochote.

Jiwe likasagwa, likang'aa. Abdi akalipitisha shavuni, na kijiti kikagusa ngozi.

"Futa masizi hayo," nikamwambia. "Mkeo atakukimbia."

Akafuta. Hayakufutika. Yalikuwa manyoya, wallahi! Ya kijivu, yana madoa, yanateremka shingoni nikiwa natazama. Taya likaanza kuvimba kwenda mbele.

"Adeer," akaniita, yaani ami, kama alivyoniita tangu utoto, "adeer, nina nini?" Kisha akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa binadamu. Nimekisikia porini, usiku, kondoo wakiwa wamejikunyata zizini. Ningefanya nini? Bibi yangu alitueleza habari za qori ismaris, mtu anayejisugua kijiti akawa fisi, akajisugua tena akarudi mtu. Nilidhani ni maneno ya kulazia watoto.

Mzee yule akaingia. Akaona unga wa mbao chini ya msumeno. Akakaa chini pale pale, kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Nani amekikata?"

Abdi hakuweza kujibu, ulimi umeshakuwa mrefu. Nikasema mimi: "Hakujua, walaal, ndugu yangu. Alidhani ni cha kazi. Msaidie, ana watoto wadogo."

Akaokota kile kipande cha pili sakafuni, akakigeuza geuza. "Nusu aliyoitumia yeye ndiyo inayotugeuza. Hii ndiyo inayoturudisha. Kijiti kikiwa kizima, nakitumia kila alfajiri kurudi mtu. Kikikatwa, kinabaki na safari moja tu." Akatazama nje. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa za soko. "Na mimi likizama nageuka, nitake nisitake."

Nikaelewa, na nikaona haya kufungua mdomo tena. Nimwombe mtu abaki mnyama kwa ajili ya mtoto wangu?

Hakungoja niombe. "Nimekunywa chai ya nyumba hii," akasema. Akamshika Abdi kidevu kama anayemnyoa, akamsugua shavu, shingo, taya. Manyoya yakaanguka. Kipande kikawa jivu mkononi mwake. Adhana ilipoanza alitoka mbio kuelekea vichakani. Alianza kwa miguu miwili. Sitasema zaidi.

Abdi mpaka leo ana kiraka cha manyoya shavuni. Akinyoa asubuhi, adhuhuri kimeota. Mawe sasa anayabandika kwenye misumari.

Baadaye alikuja mwanamke mmoja mzee, kidoleni pete tupu. Akamuulizia mumewe. Abdi akampa akiki. Nikamweleza mimi. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Alichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema.

Akaenda sokoni, akanunua mifupa ya mbuzi, akashika njia ya vichakani. Bado tunamwona akipita.

Basi wewe, ukiikuta fimbo ya mgeni mlangoni kwako, usiiguse, hata kuisogeza. Na ukiwa njia ya Liboi ukamwona fisi ameketi mbali kidogo na mama mzee, usimrushie jiwe. Wapishe.